Ijumaa ya kukagua utafiti wako

Utafiti wa mwanafunzi mara nyingi hukwamishwa na kusubiri kuliko uandishi. Ukitaka kuhoji wakulima wa kahawa Moshi Vijijini, barua ya chuo hupitia ofisi ya mkoa, kisha wilaya, ndipo imfikie mtendaji wa kata. Ianze safari yake hata kama dodoso bado halijakamilika.

Kila Ijumaa tenga nusu saa, uchore safu tatu daftarini: nilichopanga, nilichofanya, kilichonikwamisha. Hiyo ya tatu ndiyo yenye mali, na ndiyo wengi huijaza kivivu. "Nilichelewa" haisaidii. Andika: "Madodoso 20 yalipangwa, 11 yamejazwa; wenye shamba walikuwa wakichuma hadi jioni." Hapo dawa si kuongeza bidii, ni kuhamishia mahojiano Jumapili baada ya ibada.

Kisha piga hesabu, muda wa daladala na bodaboda ukiwemo. Saa 22 kwa madodoso 11 ni saa 2 kila moja. Kama lengo ni 60, yamebaki 49, yaani saa 98. Kama kwenye ratiba uliitengea kazi hii wiki moja, haitoshi. Masika, Machi hadi Mei, ongeza siku: njia za mlimani huteleza. Ratiba mpya mpelekee msimamizi kabla hajaiulizia.