Somo: Kuelea na kuzama kwa darasa linalosuasua katika fizikia

Somo hili ni la walimu wenzangu wenye wanafunzi ambao karatasi ya fizikia huirudisha nusu nyeupe. Wengi wao tunawapa kazi ya kunakili maelezo ubaoni na kujaza mapengo. Mimi napinga mtindo huo. Wape fizikia ileile wanayopewa wenzao, ila upunguze hatua za hesabu na uanze na kitu walichokwisha kukiona. Mtoto anayevuka kivuko cha Likoni, Mombasa, kila asubuhi ameona feri ikididimia lori linapoingia. Hajawahi tu kuulizwa kwa nini.

Tenga vipindi viwili vilivyoungana, yaani dakika 80. Kila kundi la wanafunzi wanne lipate:

- mrija wa plastiki wa kunywea soda (wa karatasi hulainika majini)
- plastisini (udongo laini wa kufinyangia) kidogo na misumari midogo inayopenya ndani ya mrija
- mchanga mkavu, rula, maka na kikokotoo
- chupa ya maji ya lita 1.5 iliyokatwa shingo, ukingo umezungushiwa selotepu isije ikamkata mtu
- chungwa moja

Hatua ya 1: Chungwa. Kabla hujagusa maji, kila mwanafunzi aandike daftarini mwanzo wa sentensi tatu: *Nadhani… Nimeona… Kwa hiyo…* Waulize: chungwa lenye ganda litaelea au litazama? Na likimenywa? Lazima waandike kwanza. Mwanafunzi dhaifu amezoea kusubiri jibu la mwenye akili wa darasa, na akishaandika lake, jaribio linakuwa lake.

Tumbukiza. Lenye ganda linaelea. Limenye, uondoe na ule utando mweupe, ulirudishe: linazama. Hapo tulia, usieleze. Karibu darasa zima linaamini kwamba kizito huzama na chepesi huelea, na sasa wanaona chungwa lililopungua uzito likienda chini. Waache wabishane hata dakika kumi. Atatokea mmoja wa kusema ganda lina hewa, linaongeza ukubwa kuliko linavyoongeza uzito. Huyo ndiye aliyefundisha somo la densiti (uzito wa kitu kwa kila kipimo cha ujazo wake) siku hiyo, na umwambie hivyo mbele ya wenzake.

Hatua ya 2: Kutengeneza kipimo cha densiti ya maji. Ziba ncha moja ya mrija kwa plastisini. Plastisini iingie ndani, isitokeze nje kama kifundo, maana kikitokeza hesabu itaharibika. Pima sentimita 12 kutoka ncha iliyozibwa, tia alama. Weka misumari ndani, simamisha mrija kwenye maji ya mfereji, kisha ongeza mchanga punje kwa punje mpaka alama ya 12 ilingane sawasawa na uso wa maji. Hapa wanafunzi wanaosumbua hugeuka mafundi, kwa sababu punje tatu za mchanga zinaonekana zikifanya kazi. Kisha chora mistari ya kila milimita kuanzia 9 hadi 14.

Hatua ya 3: Maji ya chumvi. Makundi yote yatumie chupa moja. Koroga chumvi mpaka isiyeyuke tena. Lita moja ya maji itameza takriban gramu 350. Waandike *Nadhani* zao, kisha watumbukize kipimo. Kitapanda na kusimama karibu na 10.

Hatua ya 4: Namba moja tu. Sasa eleza: mrija huzama mpaka uzito wa maji uliyoyasukuma ulingane na uzito wake wenyewe. Hiyo ndiyo kanuni ya Archimedes. Uzito wa mrija haujabadilika, kwa hiyo kwenye maji mazito zaidi unatosheka na kina kifupi. Hesabu ni 12 gawa kwa kina ulichosoma. Maji ya mfereji: 12 ÷ 12 = 1. Maji ya chumvi: 12 ÷ 10 = 1.2, yaani gramu 1.2 kwa kila sentimita ya ujazo. Fomula ndefu ije wiki ijayo. Leo wanagawa tu.

Hatua ya 5: Bahari. Maji ya bahari yana densiti ya takriban 1.025, hivyo kipimo kitasoma 11.7. Tofauti ni milimita tatu, na ndiyo sababu tulianza na chumvi nyingi: jicho lizoee kwanza. Kisha chora ubaoni alama za ubavuni mwa meli zinazoingia bandari ya Kilindini. T ni kikomo cha kuzama katika bahari za nchi za joto. TF ni kikomo katika maji yasiyo na chumvi ya nchi hizohizo. Uliza kwa nini TF iko juu ya T. Jibu wameshika mkononi.

Mradi wa wiki mbili. Kila kundi lilete vimiminika vinne kutoka nyumbani: mafuta ya kupikia (yatasoma karibu 13), maziwa, madafu, maji ya sukari. Mafuta ya taa marufuku, na asionje mtu. Nusu ya alama iwe ya usomaji na uandishi safi wa jedwali.

Maswali ya walimu wenzangu

*Mwalimu, mimi nina wanafunzi 55 na hakuna maabara. Nifanyeje?*
Chungwa lifanye wewe mbele, kwa ndoo. Mirija watengeneze wote, chupa tano zinatosha wakipokezana.

*Mrija wetu unalala ubavu badala ya kusimama.*
Uzito uko juu mno. Toa mchanga, ongeza misumari chini kabisa. Pia ugonge kidogo ili viputo vya hewa viachie.

*Mtihani ni kwa Kiingereza, mwenzangu. Huoni unawachelewesha?*
Sioni. Wabishane kwa Kiswahili mpaka hatua ya 4, kisha uandike istilahi tatu za Kiingereza ubaoni, nao waandike *Kwa hiyo* yao wakizitumia. Mwenye la kusema hujifunza maneno yake haraka.

*Salaam mwalimu. Kisima chetu Kisauni kina chumvi. Wanafunzi wanaweza kukipima hivi?*
Aleikum salaam, dada. Kwa mrija huu hapana. Hata maji yenye moja ya tano ya chumvi ya bahari yatasogeza kipimo kwa nusu milimita hivi, na jicho litadanganyika. Weka vijiko vitano vya maji ya kisima kwenye sahani nyeusi, vitano vya mfereji kwenye nyingine, na vitano vya bahari kwenye ya tatu. Anika juani mpaka yakauke, kisha walinganishe weupe uliobaki.