Somo: Namna protini mpya inavyofika mahali pake ndani ya seli

Wanafunzi wengi hukariri majina ya sehemu za seli, kisha hukwama wakiulizwa protini ilijuaje pa kwenda. Jibu limo ndani ya protini yenyewe: kipande kifupi cha mnyororo wake wa asidi amino ndicho anwani yake. Ukipewa protini yoyote, ifuatilie kwa mpangilio huu. Nitatumia insulini kama mfano.

Hatua ya 1: Anzia kwenye ribosomu. Karibu protini zote za seli yenye kiini huanza kuundwa na ribosomu, yaani mashine ndogo za kuunda protini, zilizo huru kwenye saitoplazimu, ute unaokizunguka kiini. Zile unazoziona kwenye michoro zikiwa zimeganda juu ya retikulamu endoplazimu, mtandao wa utando ndani ya seli, si ribosomu za aina nyingine. Zimefikishwa pale na protini zinazoziunda.

Hatua ya 2: Chunguza mwanzo wa mnyororo. Hapa usiharakishe. Insulini huanza ikiwa na asidi amino 110, na 24 za mwanzo ndizo alama, yaani ile anwani yake. Katikati ya alama hiyo kuna asidi amino zinazokwepa maji. Inapochomoza tu kutoka kwenye ribosomu, hudakwa na chembe iitwayo SRP, yaani chembe itambuayo alama, iliyoundwa kwa protini sita na kipande cha RNA. SRP hupunguza kasi ya uundaji, huku ikiipeleka ribosomu nzima hadi kwenye utando wa retikulamu, kuliko na kipokezi kinachoingoja. Ribosomu hukaa juu ya mfereji uitwao Sec61, na mnyororo hupenya ndani huku ukiendelea kurefuka. Kimeng'enya huikata alama, zikabaki asidi amino 86.

Kwangu mimi huu ndio ugunduzi mzuri kuliko yote katika mada hii: protini huvuka utando ikiwa bado uzi, kabla haijakunjwa. Günter Blobel alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1999 kwa kuonyesha kwamba protini hubeba alama za safari yake.

Hatua ya 3: Fuata vifuko. Ndani ya retikulamu protini hukunjwa, kisha husafirishwa kwa vifuko vya utando hadi Golgi, kituo cha seli cha kupanga protini. Huko hutenganishwa kulingana na zinakokwenda. Insulini huingia kwenye vifuko vya kutolea nje, hukatwa tena, na kubaki asidi amino 51 katika minyororo miwili. Vimeng'enya vya lisosomu huwekewa alama ya sukari, yaani manosi yenye fosfeti, navyo hutengwa kuelekea lisosomu, vifuko vya kumeng'enya vitu ndani ya seli.

Hatua ya 4: Kama alama ya retikulamu haipo, protini humaliziwa kwenye saitoplazimu. Sasa tafuta alama nyingine. Ya mitokondria kwa kawaida huwa mwanzoni. Ya peroksisomu, vifuko vidogo vyenye vimeng'enya vyake, mara nyingi ni asidi amino tatu za mwisho: serini, lisini, lusini. Ya kiini cha seli huwa na lisini na arijinini nyingi, na yaweza kuwa popote. Isipopatikana yoyote, protini hubaki saitoplazimu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, kwa nini alama ya kiini haikatwi kama ile ya retikulamu?

Jibu: Kwa sababu itahitajika tena. Seli za wanyama zinapogawanyika, utando wa kiini huvunjika na protini zake hutawanyika. Kiini kikijengwa upya, lazima ziingie tena.

Swali: Nikiihamishia alama kwenye protini nyingine, itafuata?

Jibu: Mara nyingi ndiyo. Hivyo ndivyo watafiti walivyothibitisha jambo lenyewe: wakiipachika alama ya kiini kwenye protini ambayo kwa kawaida hukaa saitoplazimu, inaingia kwenye kiini.

Swali: Protini ikifika pasipo pake lakini ni nzima, kuna ubaya gani?

Jibu: Ubaya mkubwa. Katika hiperoksaluria ya aina ya kwanza, ugonjwa wa kurithi ambapo mwili hutengeneza oksaleti nyingi mno, kuna wagonjwa ambao kimeng'enya chao cha ini kinafanya kazi vizuri, ila kimepelekwa mitokondria badala ya peroksisomu. Kemikali kinayopaswa kuishughulikia iko kwenye peroksisomu, hivyo haiguswi. Oksaleti huzidi mwilini, hujikusanya kwenye figo na kuziharibu.