Somo: kushusha mbele ya pikapu yenye torsheni ba bila kununua springi

Somo hili ni la pikapu kama Hilux LN85 na Nissan Hardbody D22, zenye torsheni ba mbele, yaani fito za chuma zinazojisokota kufanya kazi ya springi. Hilux Vigo ina springi za koili mbele, hiyo ni kazi nyingine. Lala chini uchungulie: ukiona fito mbili nene za chuma zinatoka kwenye wishboni (mikono ya chuma inayoshika tairi) kuelekea nyuma, kulia na kushoto, endelea. Gharama ni oili ya kutu na alaimenti (kunyoosha tairi), basi.

Anza na futi kamba. Gari likiwa mahali tambarare, upepo wa tairi sawa, pima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa fenda, pande zote mbili, uandike. Kule nyuma ya fito kuna bolti ndefu yenye nati: ipige alama ya rangi, uhesabu nyuzi zilizobaki nje. Hizo ndizo zitakurudisha ulipotoka.

Kisha raba za stopa, zile zinazozuia wishboni isigonge chuma kwa chuma, na hapa usiharakishe. Pima nafasi kati ya raba na chuma inachogonga. Ukimaliza kushusha ibaki walau sentimita 2, la sivyo kwenye kila tuta la Tengeru na Usa River, huku Arusha, raba itagonga chuma, na shokapu zitafuata kuharibika. Kwa barabara zetu kushusha fenda sentimita 3 kunatosha kabisa.

Nyunyiza oili usiku wa kuamkia kazi, maana tope jekundu likikaukia kwenye nyuzi linashika kama saruji. Asubuhi sugua kwa brashi ya waya. Piga jeki kwenye chasisi mpaka tairi zining'inie, weka stendi za chuma. Matofali hupasuka ghafla. Legeza loknati (nati inayobana nati kuu isilegee), kisha legeza nati kuu mzunguko mmoja upande wa kulia, mmoja upande wa kushoto. Usiitoe yote: fito inaweza kuwa bado imejisokota, mkono wa chuma unaoshikwa na bolti hiyo ukaruka.

Shusha jeki, sogeza gari mbele na nyuma mita chache ndipo upime, kwa sababu tairi zilizotoka hewani zinang'ang'ania sakafu na kipimo kinadanganya. Fuata kipimo, si idadi ya mizunguko. Pande mbili hazilingani. Kaza loknati, nenda alaimenti siku hiyo hiyo. Ukiiruka, tairi zinaliwa upande wa ndani. Taa za mbele nazo zitakuwa zimeinama, zirekebishwe.

Swali: Mkuu, nikilegeza si gari litakuwa laini?

Jibu: Hapana, mkuu. Ugumu unatokana na unene na urefu wa fito. Nati inabadilisha kimo tu.

Swali: Nina Vigo. Fundi anataka kuchoma springi kwa gesi ishuke. Nimruhusu?

Jibu: Usimruhusu, dada. Moto unaua ugumu wa chuma. Springi itaendelea kushuka yenyewe, na inaweza kukatika. Tena ile imebanwa juu ya shokapu, ikifunguliwa bila kibano chake inaua mtu. Tafuta springi fupi zilizotengenezwa kwa gari hilo, au iache ilivyo.

Swali: Niko Moshi, nimeshusha sentimita 4. Kwenye tuta inagonga kulia tu.

Jibu: Dereva anakaa kulia, kwa hiyo pima nafasi ya raba ukiwa umemkalisha mtu kwenye usukani. Ikiwa ndogo kuliko kushoto, kaza nati ya kulia nusu mzunguko, sogeza gari, pima tena. Zikilingana na bado inagonga, tikisa bushi za shokapu na boljointi (kiungo cha duara kwenye ncha ya wishboni) ya upande huo.