Somo: Kuendesha kikundi cha wanaojitolea katika programu huria

Wanafunzi wa Mbeya na Iringa huniuliza mara kwa mara kwa nini kikundi cha programu huria (programu za kompyuta ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzisoma na kuzibadilisha) huanza na watu wengi kisha kikabakiwa na mmoja. Naandika jibu hapa ili nisilirudie.

1. Chagueni leseni, yaani masharti ya kuitumia programu yenu, na kuitangaza kabla ya kupokea mchango wa kwanza wa kazi.

2. Gawanyeni kazi ziwe ndogo, kila moja iweze kumalizwa kwa jioni moja.

3. Kila kazi iandikwe jina la mtu mmoja.

4. Wekeni utaratibu wa mtu kuiachia kazi bila kuona haya. Vikundi vingi huanguka hapa. Mvua zinapoanza Novemba, wengine huenda shambani na wengine hukabiliwa na mitihani. Kwa kuwa ni vigumu kumwambia kiongozi kwamba umeshindwa, mtu hunyamaza, na wenzake, kwa kumheshimu, hawaigusi kazi yenye jina lake. Katika mradi wa Debian, mfumo endeshi huria ulioanza mwaka 1993, anayetunza kifurushi (programu iliyoandaliwa tayari kusakinishwa) anaweza kutangaza hadharani kwamba anakiacha, na yeyote mwenye uwezo akakichukua. Igeni hilo: baada ya wiki mbili za ukimya, mwulizeni mhusika kwa upole, kisha kazi irudi kwenye orodha. Angalizo: msimfute mtu kabla ya kumwandikia, wala nywila za mradi zisishikwe na mtu mmoja.

5. Jibuni mchango wa mgeni mapema, hata kama ni kumwambia tu kwamba mmeuona.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Mafinga: Tukiwalipa kidogo si watabaki?

Jibu: Somo linahusu wanaojitolea. Tafadhali soma hatua ya 4.

Mwanachama, Tukuyu: Nimeisoma, Mwalimu. Je, uamuzi mzito ufanyweje iwapo baadhi yetu hawana mtandao kila siku?

Jibu: Ahsante, dada, hili nilipaswa kuliweka ndani ya somo. Uamuzi usifanyike kikaoni peke yake, kwa sababu aliyekosa nauli ya kufika mjini atakuwa amekosa pia sauti yake. Andikeni pendekezo, kisha mpeni kila mtu muda wa kulijibu. Katika Taasisi ya Apache, inayosimamia miradi mingi ya programu huria, kura kwa kawaida huachwa wazi kwa angalau saa 72. Kwenu, ambako mtandao husumbua, wiki nzima inafaa zaidi.

Mwanachama, Makete: Na kazi yenyewe bila mtandao?

Jibu: Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya mradi, inaruhusu. Kompyuta ya kila mmoja hubeba historia yote ya mradi, hivyo unaweza kufanya na kuhifadhi mabadiliko yako huko huko nyumbani, ukayatuma siku utakayofika Njombe.

Mwanachama, Uyole: Nyongeza kwa ndugu wa Makete: amri ya `git bundle` hukusanya mabadiliko hayo katika faili moja, ukampa flashi anayesafiri.