Giaboksi huuawa na joto: ninayowaambia madereva wanaopanda Kitonga

Karakana yangu iko Iringa mjini na kazi yangu ni giaboksi tu. Magari mengi yanayoletwa kwangu yakiwa yamevutwa yametoka Dar es Salaam au Morogoro, yakapita Ruaha Mbuyuni bila shida, kisha yakagoma kwenye kona za mlima wa Kitonga. Mwenye gari huulaumu mlima. Nikifungua sampu, yaani trei ya oili iliyo chini ya giaboksi, nakuta oili nyeusi inayonuka kuungua, na oili haiwi hivyo kwa mlima mmoja. Kitonga imemalizia tu kazi iliyoanza zamani.

Kwa hiyo tuanze na oili. Ndani ya giaboksi ya otomatiki, oili inalainisha, inapooza, na ndiyo hiyohiyo inayosukuma klachi za ndani zishikane. Ikichoka, klachi zinateleza. Zikiteleza zinazaa joto, na lile joto linaichosha oili zaidi. Kuanzia hapo uharibifu unakwenda kasi.

Utakutana na mtu atakayekuambia oili ya giaboksi haibadilishwi mpaka gari life. Usikubali. Watengenezaji wengi hutaka ibadilishwe mapema zaidi kwa gari linalofanya kazi ngumu, yaani milima, vumbi, mizigo na foleni, na hayo ndiyo maisha ya gari hapa kwetu. Mimi nashauri kila kilomita 40,000. Ukinunua gari lililotumika Japani na hujui lilitunzwaje, kagua oili kabla ya safari yoyote ndefu.

Aina ya oili ndiyo inayoniumiza roho kuliko yote, maana hasara yake inaepukika kabisa. Chukua Toyota IST. Ile ya kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 2002, ina otomatiki ya kawaida ya gia 4 na inatumia oili iitwayo T-IV. Ile ya pili, ya kuanzia 2007, ni CVT, otomatiki isiyo na gia za kawaida: ndani yake kuna mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili, na inahitaji oili ya CVT. Jina ni moja, oili ni tofauti. Muuzaji akisikia "IST" anakupa T-IV, fundi anamimina, mkanda unaanza kuteleza na kuchubua puli. Ni vivyo hivyo kwa Nissan X-Trail: ya kizazi cha kwanza ni otomatiki ya kawaida, na nyingi za kizazi cha pili ni CVT inayotaka oili ya NS-2. Kabla ya kununua, soma maandishi yaliyogongwa kwenye dipstiki (kijiti cha kupimia oili) au fungua kitabu cha gari. Rangi isikudanganye, kwa sababu oili nyingi ni nyekundu na hazifanani kazi.

Kupima nako kuna utaratibu. Kwa Toyota nyingi zenye dipstiki ya giaboksi, endesha kwanza mpaka ipate moto, simama sehemu tambarare, acha injini ikiunguruma, kanyaga breki, pitisha mkono wa gia taratibu kutoka P hadi L na kurudi P. Chomoa, futa, rudisha, chomoa tena. Oili iwe kati ya alama za HOT. Honda nyingi ni kinyume: unazima injini, kisha unapima ndani ya sekunde 60 hadi 90. Kama giaboksi haina dipstiki, hupimwa kwa chini kupitia nati maalumu, oili ikiwa kwenye joto lililowekwa. Hiyo mwachie fundi mwenye mashine ya kusoma joto. Na usijaze kupita kiasi ukidhani unaihurumia giaboksi. Oili ikizidi hutoa povu, na povu halina presha.

Siku ya kubadilisha, fahamu kwamba inayotoka ukifungua nati ni sehemu tu. Nyingine nyingi imebaki kwenye konveta, kile kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa kutumia oili. Pima iliyotoka na urudishe kiasi hichohicho, kama kimo kilikuwa sahihi. Tumia gari siku chache, kisha rudia. Sampu ikifunguliwa, simama hapo uangalie sumaku zilizo ndani. Tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole ni habari nyingine, na oili mpya haitaviponya.

Sasa rejeta, sehemu ambayo wenye magari huisahau kabisa wanapozungumzia giaboksi. Katika magari mengi madogo, oili ya giaboksi hupita kwenye bomba lililo ndani ya rejeta ili ipoozwe. Ukijaza maji ya bombani mwaka baada ya mwaka, kutu hula lile bomba kimyakimya. Likitoboka, maji yanaingia kwenye giaboksi, na oili inakuwa na rangi kama maziwa ya stroberi. Ukiona hivyo usiwashe gari tena, kwa sababu maji hubandua utando wa klachi. Nimeshusha giaboksi nzima zilizokuwa na nguvu zake zote, chanzo kikiwa dumu la maji pale panapotakiwa kulanti, kimiminika maalumu cha rejeta. Weka kulanti, badilisha kwa wakati wake, na rejeta iliyooza usiizibe kwa dawa za unga.

Kwenye mlima wenyewe, usiache otomatiki ihangaike ikipanda na kushusha gia kila kona. Bonyeza kitufe cha O/D, kinachozuia gia ya juu kabisa, ili taa ya O/D OFF iwake, au rudisha mkono wa gia kwenye 2 au L pale mwinuko unapokuwa mkali. Kwa CVT tumia S au L kama ipo. Ukikwama nyuma ya malori, shikilia gari kwa breki. Kulizuia lisirudi nyuma kwa kukanyaga mafuta ni kuchemsha oili ndani ya konveta. Taa ya joto la giaboksi ikiwaka, toka barabarani, weka P na uiache injini iungurume taratibu bila kuizima, kwa sababu pampu ya oili inaendeshwa na injini. Wakati wa kushuka tumia gia ya chini ili injini isaidie breki. Usitupe nyutro. Mafuta utakayookoa hayafiki popote, na breki zikipata moto Kitonga hakuna pa kukimbilia.

Mjini, kosa kubwa ni kutoka R kwenda D gari likiwa bado linarudi nyuma. Simama kabisa kwanza. Ukiegesha penye mteremko, kanyaga breki, weka N, vuta breki ya mkono, achia breki ya mguu mpaka gari litulie, ndipo uweke P. Vinginevyo uzito wote unaning'inia kwenye kipande kidogo cha chuma. Ukizama kwenye tope usikanyage mafuta matairi yazunguke bure; shuka, chimba, weka mawe.

Kwa wa gia za mkono, hasa wa Hiace, nina machache. Mguu usipumzike kwenye pedali ya klachi, unakula beringi. Mkono usipumzike kwenye gia. Penye mlima zuia gari kwa breki, si kwa nusu klachi. Na kama kitabu kinasema oili ya daraja la GL-4, usiweke GL-5 kwa kuambiwa ni kali zaidi, kwani dawa zake zinaweza kula shaba za ndani.

Gari la otomatiki likikufia njiani, usilivute kwa kamba masafa marefu. Injini imezima, pampu haisukumi oili, na vyuma vinazunguka vikavu. Tafuta gari la kubeba, au inua matairi yanayoendesha. La 4WD libebwe lote. Na kabla hujakubali giaboksi ishushwe, dai ipimwe kwa mashine, maana wakati mwingine tatizo ni solenoidi (vali ya umeme inayoongoza oili) au waya uliokatika. Mweleze fundi ilianza kuteleza lini, gia ya ngapi, ikiwa baridi au ikiwa moto, na oili gani iliwekwa mara ya mwisho. Ukiwa na chupa tupu ya ile oili, njoo nayo.