Kabla hujachukua mtoto wa Border Collie wa ukoo wa kazi

Kama unaishi Uingereza na unataka Border Collie aliyezaliwa na mbwa wa kuchunga kondoo, usianze kwa kutazama picha za watoto. Nenda shambani, uombe kuwaona wazazi wake wakiwa kazini. Kwa zaidi ya miaka 100 mbwa hawa wamechaguliwa kwa kazi, si kwa sura. Chama chao, International Sheep Dog Society, kilianzishwa mwaka 1906 na ndicho kinachotunza daftari la nasaba. Dai cheti cha usajili na majibu ya vipimo vya macho vya wazazi, maana aina hii ina maradhi ya macho ya kurithi.

Kinachowashinda wengi ni silika. Baiskeli, gari, mtoto anayekimbia uani, vyote kwake ni kondoo: atanyatia, atakodoa macho, atazunguka, pengine atang'ata visigino. Kumkimbiza kilomita nyingi hakutoshi, tena kunamwongezea pumzi ya kutaka zaidi. Mpe kazi ya akili, kama kutafuta kitu ulichokificha, na mfundishe kutulia. Alale chini akiambiwa, aje akiitwa, hata kabla hajamwona kondoo wa kwanza.

Ukiwa unashinda kazini na unakaa kwenye fleti, tafadhali mwache huyu mtoto. Ulizia mbwa mzima ambaye mchungaji anamtoa kwa sababu hana hamu ya kondoo. Huyo ana nafasi nzuri zaidi ya kuzoea maisha ya nyumbani.