SOMO: Kunoa cheni ya chensoo kwa tupa

Wiki hii pekee watu wanne wamenipigia simu na malalamiko yaleyale: "Fundi, chensoo yangu imeisha nguvu." Nikienda kuitazama, mashine nzima kabisa. Cheni ndiyo butu. Mmoja alishabadilisha plagi, mwingine alishafungua kabureta na kupoteza skrubu moja, na wote walihitaji tupa na nusu saa ya utulivu. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza nitamwelekeza huku.

Kwanza tazama kinachodondoka chini unapokata. Cheni kali inatoa vipande vinavyoonekana, kama nazi iliyokunwa. Cheni butu inatoa unga kama sembe. Ukiona unga, na umeanza kuikandamiza mashine kwa mikono ili iingie kwenye mti, acha. Ukiendelea hapo unachoma upanga (nasema lile bapa refu la chuma linalobeba cheni), unachosha klachi, na wewe mwenyewe jioni mgongo hauna hali.

1. Zima mashine, chomoa kofia ya plagi, vaa glavu.

2. Safisha cheni kwa brashi na mafuta ya taa. Grisi ikibaki, tupa inateleza.

3. Mashine isitikisike. Mimi nachimba mfuo kwenye kisiki, nachomeka upanga humo. Kaza cheni zaidi kidogo ya kawaida ili jino lisilale unapolisukuma.

4. Tupa ya mviringo yenye ukubwa sahihi. Soma maandishi yaliyogongwa kwenye upanga, karibu na mashine. Cheni ya .325 (namba hizi ni za ukubwa wa cheni, kwa inchi) inataka tupa ya milimita 4.8. Ile 3/8 ndogo ya mashine nyepesi, milimita 4.0. Ile 3/8 ya mashine kubwa ni 5.2 au 5.5 kufuatana na mtengenezaji, soma kasha la cheni. Ya .404 ni 5.5. Tupa nyembamba inachimba shimo chini ya jino, na tupa nene inalikwaruza jino mgongoni bila kulitia makali.

5. Tafuta jino fupi kuliko yote, litie alama ya chaki. Meno mengine yote yatafuata urefu wa hilo.

6. Noa. Juu ya jino kuna mstari mdogo unaoonyesha pembe, kwa cheni nyingi ni nyuzi 30. Tupa itokee ndani ya jino kwenda nje, ilale sawa, na sehemu yake ndogo, kama moja ya tano, ionekane juu ya jino. Sukuma, inua, rudisha, sukuma tena. Usiikokote kurudi, unaua tupa. Hesabu: ukisukuma mara tatu kwenye jino la kwanza, iwe mara tatu kwa yote, ila yale marefu utayaongezea. Maliza upande mmoja wote, kisha geuka. Jino limeiva likiwa halina tena kile kimstari cheupe kinachong'aa kwenye ncha. Makali hayang'ai. Ukiona linameta ukingoni, bado ni butu.

7. Nundu. Hapa someni taratibu.

Mbele ya kila jino kuna kinundu cha chuma. Kazi yake ni kulizuia jino lisiume mti kupita kiasi. Nundu inatakiwa iwe chini ya ncha ya jino kwa takriban milimita 0.65 tu, kwa cheni nyingi tunazotumia. Jino likiendelea kunolewa linapungua kimo, kwa hiyo baada ya kunoa mara nne au tano nundu nayo hupunguzwa kidogo kwa tupa bapa. Kidogo.

Mwaka 2019 nilikuwa na cheni ya inchi 20, meno 36, ikitoa unga. Sikuwa na subira ya kunoa meno. Nikajiaminisha kwamba nundu ndizo zinazoyazuia, nikazikwangua zote kwa macho, bila kipimo. Kesho yake niko Pongwe kukata mwembe uliolazwa na upepo. Mashine ikakata kwa fujo, inatetemeka hadi vidole vinakufa ganzi, nami nikaona nimepatia. Kipande cha tatu, ncha ya upanga ikagusa tawi lililokuwa limejificha nyuma ya gogo. Mashine ikaruka kunijia usoni kabla sijapepesa jicho. Kinga ya mbele ikagonga kifundo cha mkono wangu wa kushoto, breki ikafunga, cheni ikasimama. Ilisimama kwenye ukosi wa shati langu. Nilinusa mafuta yake. Mzee mwenye mwembe alikuwa ameketi barazani, aliinuka bila kusema neno, akaniletea maji.

Ncha ya upanga, hasa robo yake ya juu, ikigusa kitu, mashine hurushwa hata kama cheni ni nzuri. Nundu zikiwa chini mno, kila jino linauma zaidi ya uwezo wake na mrusho unakuwa mkali zaidi. Kwa hiyo:

Usipunguze nundu kwa macho. Nunua kile kibati cha kupimia chenye tundu, unakilaza juu ya cheni, nundu ikichomoza juu ya bati ndiyo unayoisawazisha, isipochomoza iache. Usipunguze nundu ili kuficha uvivu wa kunoa jino. Ukimaliza, viringisha kidogo pembe ya mbele ya nundu irudie umbo lake, isibaki kona kali. Na kama umeshakosea ukazishusha sana, noa meno yote yashuke mpaka kipimo kirudi, au itupe cheni. Mimi yangu niliitupa.

8. Futa chembe za chuma, paka mafuta, legeza cheni irudi kawaida yake: ikae imegusa upanga chini, na ukiivuta kwa mkono izunguke bila kukwama. Jaribu kwenye gogo.

Nyongeza kwa sisi wa pwani. Mnazi unakula makali upesi: ganda lake la nje ni gumu sana ingawa moyo ni laini, na ukiwa ufukweni magome yamejaa mchanga. Kwangua gome kwa panga kwanza. Mtiki nao unachosha cheni. Na mvule una kitu kama jiwe ndani ya mbao, chokaa iliyoganda, huijui ipo mpaka cheche zitoke. Ukiligonga, simama, noa hapohapo.

MASWALI YA WADAU

Kijana wa Makorora: Fundi shikamoo. Tupa namba ngapi?

Fundi: Marahaba. Hatua ya 4.

Kijana wa Makorora: Nimesoma ila mashine yangu sijui ni ya aina gani, nitajie moja tu nikanunue Ngamiani leo.

Fundi: Siwezi kukutajia tupa ya cheni nisiyoiona. Futa upanga kwa kitambaa, karibu na mashine kuna namba. Zikiwa zimefutika, nenda na cheni yenyewe dukani.

Bin Korosho: Asante kwa somo mkuu. Mimi cheni yangu inakata kwa kupinda. Naanza wima, nikifika katikati ya gogo upanga umeshahamia kulia, na nimenoa vizuri tu. Nini kinavuta?

Fundi: Swali zuri, kaka. Upanga unakwenda upande wenye meno makali au marefu zaidi. Ukipinda kulia, meno ya kushoto ndiyo yamezidiwa. Kwa wengi wetu hutokea kwa sababu mkono mmoja una nguvu: upande mmoja tupa inasukuma kwa uzito, wa pili inabembeleza. Chukua rula upime jino moja la kila upande. Tofauti ikiwepo, shusha yale marefu yalingane. Kama meno yote ni sawa, toa cheni utazame kingo za upanga. Ukingo mmoja ukiwa umelika kuliko mwenzake, cheni inalala upande. Sawazisha kingo kwa tupa bapa, na kila ukivua cheni geuza upanga juu chini ili ulike sawasawa.

Bin Korosho: Nimepima. Karibu milimita moja tofauti! Kushoto mafupi. Kumbe mkono wangu.

Mbao za Maramba: Sisi tunapasua mbao kwa chensoo, si kukata magogo. Nyuzi 30 hizo ni zilezile?

Fundi: Hapana, na nimefurahi umeuliza. Unapopasua kufuata urefu wa mti, nyuzi 10 ndizo zinazofaa. Mbao inatoka laini na mashine haihangaiki. Itakata polepole zaidi, vumilia. Tenga cheni ya kupasulia na cheni ya kukatia, usibadilishe pembe kwenye cheni moja kila siku, utaimaliza kwa tupa. Na pumzisha mashine, kupasua kunaichosha kuliko kukata.

Mzalendo Pangani: Unatukatisha tamaa na hadithi za ajali. Nimekata miaka 12 na nundu nashusha kwa macho, sijawahi kupata tatizo.

Fundi: Sijaandika ili kumkatisha tamaa mtu. Nimeandika kilichonipata mimi, na mimi pia nilikuwa sijawahi mpaka siku ile. Kipimo hakizidi ukubwa wa kiganja. Kama una vijana unaowafundisha, wapatie hata kama wewe hukihitaji.

Mama Michungwa: Fundi, hapa Muheza vijana wanapogoa michungwa yangu kwa chensoo. Ni sawa? Na nimeona wanatia oili chafu ya gari kwenye cheni.

Fundi: Shikamoo mama. Kwa michungwa chensoo ni ya matawi mazito tu. Vitawi vyembamba vinanaswa na cheni vinachapa mtu usoni, na jeraha linabaki limechanikachanika. Wape mkasi wa kupogolea na msumeno mdogo wa mkono, na waufute kwa spiriti wakihama mti, wasibebe ugonjwa. Oili chafu waache kabisa. Ina chembe za chuma zinazokula upanga na pampu, inarushwa kwenye ngozi na si salama kwa ngozi, na inadondoka chini ya mti unaouza matunda yake.

Mama Michungwa: Marahaba. Basi mafuta ya alizeti je? Yapo nyumbani.

Fundi: Yanafaa, mama. Hata huko nje hutengenezwa mafuta ya cheni yanayotokana na mimea. Kasoro yake yakikaa yanaganda kama gundi. Kazi ikiisha wayamwage, waoshe cheni, na mashine isilale wiki nzima yakiwa ndani.

Mpigamiti: Bei ya kunoa cheni moja kwako?

Fundi: Nimeandika yote haya ili usinilipe.

Dogo wa Korogwe: Nina mvule shambani kwa babu, nataka kuuangusha Jumamosi. Nianze na cheni mpya au niliyoinoa?

Fundi: Anza na ofisi ya misitu ya wilaya upate kibali, hata kama shamba ni la babu. Ukishakipata, uliyoinoa inatosha, ila chukua na ya akiba pamoja na tupa mfukoni kwa sababu ya lile jiwe nililolisema. Mti umewahi kukatwa matawi makubwa au kuungua chini?

Dogo wa Korogwe: Uliungua upande mmoja, zamani.

Fundi: Hapo usiuguse peke yako. Mvule uliojeruhiwa ndio wenye kuficha mawe, na moyo unaweza kuwa umeoza. Nipigie Ijumaa, nina kazi Mombo, nitapita niutazame.